Pampu ya Banda la Kasuku

Bandani, 9 Januari

Mume wangu,

Wanao wanakuja huko. Dereva anaondoka kesho asubuhi na masanduku matatu, ndege wawili kila sanduku, na nimemwambia akiyapita mashimo ya barabara kwa mwendo wake ule wa kukimbiza mwizi nitamng'oa masikio. Amecheka. Wewe usicheke, mkague.

Nakuandikia kwa sababu redio ya kambi ni ya kazi na ofisi nzima inasikiliza. Mara ya mwisho uliponiambia umenikumbuka, mhasibu alinisalimia wiki nzima kwa sauti yako.

Wote sita wana afya. Usisahau walikotoka: mayai yale uliyoyateremsha mwenyewe kutoka matundu yaliyotelekezwa, ukaja nayo umeyafunga kwenye soksi zako. Niliyatia kwenye mashine ya kuangulia pamoja na harufu ya soksi, na bado yakaanguliwa. Walitoka uchi, macho yamefumba, shingo haibebi kichwa. Tangu siku hiyo nimewalisha kwa kijiko kilichokunjwa, shuka kichwani, bila kutamka neno. Ndiyo sheria ya Daktari wa ndege: mtu asionekane, mtu asisikike. Kasuku huyu akiwa kinda hudaka kila anachosikia, na akimdaka mtu, mwituni hatafaa kitu. Badala ya sauti yangu tuliwapigia kaseti ya milio ya wenzao wa huko kwako, asubuhi na jioni. Mimi, kunyamaza miezi yote hiyo! Mama yangu hakuamini mpaka alipokuja kuchungulia dirishani.

Chakula usiwape mkononi. Weka sinia juu ya nguzo, ujifiche. Na usiniulize yupi dume yupi jike. Pete ya manyoya shingoni humwota dume akishakomaa, miaka miwili mitatu mbele. Wapende wote kwa usawa.

Mimi mzima. Daktari kaniweka mezani kwa muda, nabandika lebo, nipumzike na banda baada ya ulezi. Nanenepa tu.

Mkeo,
Mama Vifaranga
(ndivyo wanavyoniita hapa, wakidhani nitaudhika)


Kambini, 21 Januari

Mke wangu,

Wamefika salama. Sanduku moja limepasuka ubavuni. Dereva anasema ni barabara. Masikio yake nimekuachia.

Niliwaacha kwenye kizimba cha matawi mpaka wakatulia, kisha nikafungua. Hakuna aliyetoka. Walikaa mlangoni wakitazama msitu kama watu waliofika ofisini siku ya mapumziko. Mchana mmoja akaruka, akakosa tawi, akaning'inia kwa mdomo. Sasa wanaruka vizuri kiasi. Jioni wote hurudi kwenye mti ulio juu ya sinia.

Wa mwituni ni wale wale wawili. Kama kuna wengine, mwaka huu sijawaona. Wako kwenye mti ule mkubwa uliokauka kilele, tundu lile la zamani walilolitanua kwa kutafuna kingo. Jike, mdomo wake mweusi, ndiye niliyekuandikia habari zake mwaka jana, Bibi Mkali. Ameshaingia kutaga. Hatengenezi kiota; anataga juu ya unga wa mbao uliooza, basi. Dume ana mdomo mwekundu na pete nyeusi yenye waridi kwa nyuma. Hamfuati tunduni. Anaita kutoka mbali, jike anatoka, wanakaa tawi moja, dume anatikisa kichwa mpaka chakula kinapanda, anamlisha. Jike akishiba anamdonoa na kurudi ndani. Nilimfikiria mtu fulani.

Shina nimelizungushia bati jipya panya wasipande, na kila asubuhi nakata tawi lolote linaloinama kuelekea kwenye mti huo. Panya hahitaji daraja kubwa. Kazi yangu yote ni hiyo: kuzuia tawi lisiguse tawi.

Umeniambia unanenepa. Hujawahi kunenepa. Kuna nini?

Mumeo,
Darubini


Bandani, 6 Februari

Mume wangu,

Mtu anakwambia ananenepa unamfanyia uchunguzi! Kuna kiti, kuna meza, kuna chai. Ukiviweka pamoja ndivyo mtu anavyonenepa.

Barua yako nimeisoma mara tatu na bado hukuniambia ninachotaka. Bibi Mkali umempa nusu ukurasa, wanangu umewapa "wanaruka vizuri kiasi". Je, wanakula majani machanga au wanangoja sinia tu? Je, yule mwenye kucha iliyokatika ameacha kuogopa upepo? Je, wanaitika wa mwituni wanapoita? Hilo hasa. Daktari ananiuliza kila asubuhi. Anasema ndege asiyejua lugha ya pale ni mgeni tu, hatapata mwenza wala hataambiwa hatari iko wapi.

Banda limebaki tupu. Wamelifagia, unga wa manyoya ukajaa hewani kama kinu cha nafaka, mpaka kwenye veranda. Sikuingia. Mimi siku hizi siingii.

Mdogo wangu amekuja kukaa nami kidogo. Anapika vibaya kama zamani.

Mkeo,
Mama Vifaranga


Kambini, 19 Februari

Mke wangu,

Umeuliza, nakujibu.

Majani wanakula. Mwenye kucha iliyokatika hayupo tena. Kipanga alimchukua saa ya kulisha. Bibi Mkali alimwona kipanga mapema na akatoa ule mlio wake wa hatari, mmoja, mfupi. Dume lake likatulia kama jani. Wanao hawakuujua. Walitazama juu kama watalii. Samahani kukwambia hivi, lakini uliniambia nisikufiche kitu kuhusu wao.

Wamebaki watano. Hawaitiki. Wa mwituni wakiita, wanao wanageuza kichwa, wanasikiliza, kisha wanatoa mlio mwingine kabisa, ambao sijawahi kuusikia msituni na haumo kwenye kaseti. Nakueleza kama ninavyoueleza mlio wowote: miwili mifupi, mikavu, kama mtu anagonga ubao, kimya kidogo, kisha mmoja mrefu unaokwaruza kutoka chini, na mwishoni kifilimbi chembamba, kama hewa inayopita kwenye tundu la kufuli. Wote watano wanaujua, na wote wanautoa kwa namna moja. Hasa asubuhi, wanaponiona naleta sinia. Kwao mlio huo maana yake ni chakula.

Nadhani ni mashine. Kuna nini pale bandani kinachonguruma wakati wa kulisha? Ile mashine ya kuangulia? Jenereta? Mwambie Daktari akitafute na kukiondoa kabla hamjaanza kundi jingine, maana Bibi Mkali akiusikia mlio huo anaondoka tawini.

Makinda wake wameanguliwa. Wawili, kwa kuhesabu sauti.

Mumeo,
Darubini


Bandani, 3 Machi

Mume wangu,

Nimelia kidogo kwa yule wa kucha, basi yameisha.

Kuhusu mlio, usihangaike. Ni pampu ya maji, ile iliyo nyuma ya banda. Imezeeka. Ilikuwa inawashwa asubuhi nikiandaa chakula, inagonga gonga kisha inavuta hewa, kama ulivyoeleza hasa. Hata kifilimbi cha mwishoni. Tuliizoea mpaka hatuisikii tena, ndiyo maana hakuna aliyefikiri kwamba wao wanaisikia. Fundi ameshaitwa. Anasema haitengenezeki, itaachwa mpaka ife yenyewe.

Daktari amesikitika sana kuhusu hilo. Mimi zaidi. Kumbe nimekaa kimya miezi yote bure.

Hongera kwa makinda wawili! Usiondoke pale hata dakika. Ukiondoka nitajua.

Mwandiko umelegea kwa kuwa naandikia gotini. Mdogo wangu ameichukua meza anakatia vitunguu.

Mkeo,
Mama Vifaranga


Kambini, 17 Machi

Mke wangu,

Pampu haisemi "poleni, wanangu".

Jumanne nilikaa karibu na sinia kuliko kawaida, chini ya turubai, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Wanao walikuwa juu yangu, wamejikunyata. Mmoja akatoa mlio wake: miwili mikavu, kimya, ule mrefu, kifilimbi. Kisha, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa shuka, akasema: poleni, wanangu. Yule wa pili akarudia. Ilikuwa sauti yako. Ningeitambua kwenye soko lililojaa.

Nilikaa pale mpaka mvua ikaisha. Nimesikiliza milio ya ndege maisha yangu yote ya kazi, na nikaueleza mlio wako kipande kwa kipande kwenye karatasi, mpaka kifilimbi, bila kujua ninachoandika. Ulipousoma ulijua. Ukaniambia pampu.

Kasuku hawadaki kitu walichokisikia mara moja. Umekohoa mbele yao tangu walipofumbua macho mpaka siku ya masanduku. Umekohoa kila ulipoingia na kijiko, mpaka kukohoa kwako kukawa ndiyo jina la chakula. Kisha ukawaomba radhi, wakati mimi hukuniambia hata kwamba una mafua.

Usiniandikie kwamba unanenepa. Niambie nini kiko kifuani, nani amekwambia, na tangu lini. Nimeomba mtu wa kunishikia kambi. Ofisi inasema hakuna. Nitakuja hata hivyo.

Mumeo


Nyumbani, 28 Machi

Mume wangu,

Anayeandika ni mdogo wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na amekula kiapo haongezi lake.

Haya. Ni mapafu. Daktari wa watu, siyo wa ndege, anasema yamekakamaa kama sponji iliyosahauliwa juani, na hayarudi. Ni ule unga wa manyoya. Watu wengi wanauvuta na hawadhuriki. Mimi mwili wangu umeukataa. Aliniambia mwaka jana, kabla hujaja na soksi zako. Aliniambia niondoke bandani siku hiyo hiyo na huenda nitazeeka.

Sasa usianze. Yule msaidizi tuliyempa makinda wa kundi la kwanza, wote walimfia mikononi, unakumbuka. Walikuwa hawafungui mdomo kwa mwingine. Nikajipa kundi moja la mwisho. Nikavaa kitambaa puani. Nikajua utanikataza, kwa hiyo sikukuuliza.

(Shemeji, hapa amekohoa, tumesimama kidogo. Nimeongeza langu, anisamehe.)

Kukohoa nilikuzuia nilivyoweza. Nilikuwa natoka nje, lakini makinda wakilia njaa unatoka vipi? Na ile "poleni" ilinitoka tu. Walikuwa wanashtuka, wanaangukiana. Ungekuwepo ungesemaje? Mtu akimshtua mtoto anasema pole.

Sasa sikia. Usije. Bibi Mkali ana makinda wawili, na wanakaa tunduni karibu miezi miwili kabla ya kuruka. Ni wa mwituni kweli, wanaofundishwa na mama yao. Wangu wameharibika, na nimewaharibu mwenyewe. Ukiteremka na panya wakapanda, nitakuwa nimekufa kwa ajili ya sinia la mbegu. Ngoja waruke. Wakiruka, njoo. Nitakungoja.

(Anasema atakungoja. Shemeji, mimi sijui. Siku hizi analala ameketi.)

Hebu soma ulichoandika hapo. Umeongeza tena? Mwanamke huyu hafai.

Mkeo


Nyumbani, 14 Aprili

Shemeji,

Tumekuita kwenye redio siku mbili, asubuhi na jioni. Mhasibu alikaa kwenye kiti cha redio akiita mpaka sauti ikamkauka. Hukujibu. Nikajua uko njiani.

Dada amefariki tarehe kumi na moja, asubuhi, nikiwa namshikilia mgongo. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba dirisha lifunguliwe, na lilikuwa wazi.

Tulitaka kukungoja. Dereva alikwenda kukufuata, akarudi wakati hatukuweza kukungoja tena, akasema daraja limechukuliwa na maji na kwamba mmeonana. Amesema hivyo tu, "tumeonana", akaenda kukaa ndani ya gari. Tumemzika jana. Watu wa ofisi walikuja wote. Daktari wa ndege alisimama mbali na hakutaka kiti.

Barua hii nampa Dereva, ataileta wakishaweka daraja la muda.

Nguo zake nimezifua. Ile shuka ya bandani nimeiacha nje, ina unga.

Kuna jambo moja. Barua yako ile ya pampu nilimsomea mimi, macho yalikuwa yanamchoka, na Mama alikuwepo chumbani. Tangu msiba ananiuliza: kweli ndege wale wana sauti ya mwanangu? Anataka kuletwa huko. Anasema atapanda gari lolote, atakaa chini ya mti asubuhi moja tu, asikie. Nimwambie nini?

Shemeji yako


Kambini, 2 Mei

Shemeji,

Barua imefika. Asante kwa kumshikilia mgongo.

Niliondoka kambini siku niliyopata barua yenu ya Machi. Aliniambia nisije, nami nikaja, na yote mawili hayakusaidia. Nilifika mtoni nikakuta nguzo mbili tu za daraja. Nilingoja maji yashuke, yakapanda. Siku ya tatu nililiona gari ng'ambo ya pili. Dereva alishuka akapiga kelele, nami nikapiga kelele, na hakuna aliyemsikia mwenzake kwa ngurumo ya maji. Akasimama kidogo. Kisha akavua kofia akaishika kifuani. Nikaelewa. Nilimpungia mkono aende, akaenda.

Nilirudi kambini kwa sababu ng'ambo sikuweza kwenda.

Upepo wa mvua ile ulikuwa umeangusha tawi la mti wa jirani likaegemea mti wa Bibi Mkali, juu ya bati. Si tawi kubwa. Ningelikata kabla ya chai. Ndani ya tundu hapakuwa na kitu ila manyoya machanga na kinyesi cha panya. Bibi Mkali naye sikumwona, siku hiyo wala baadaye. Jike aliye na makinda halali nje, kwa hiyo nadhani alikuwemo.

Kati ya wale watano waliotoka bandani amebaki mmoja. Wengine kipanga, na mmoja nilimkuta chini ya sinia, mwepesi, sijui kilichomuua. Ofisi imeandika kwamba kambi itafungwa mwisho wa mwezi huu na kwamba yule aliyebaki nimnase nimrudishe kizimbani, kwa kuwa mwituni hana faida. Mtego nimeutega. Haingii.

Dume la Bibi Mkali bado lipo. Linakaa kwenye kilele kile kikavu na kuita kama lilivyokuwa likimwita jike atoke ale. Wiki ya kwanza liliita tangu kunapokucha. Aliyetoka bandani alikuwa akilijibu kutoka kwenye sinia kwa mlio wake, ule unaoujua. Jumapili dume liliita mara moja tu, likasikiliza jibu. Kisha likakohoa.

Nilidhani nimekosea, nikachukua darubini. Lilikuwa ni dume, mdomo mwekundu, pete shingoni. Miwili mikavu, kimya, mmoja mrefu. Kifilimbi bado halikijui. Tangu siku hiyo wanakoholeana asubuhi, na ule mlio wa zamani, ambao nimeusikiliza tangu nilipoajiriwa, sijausikia tena kwa yeyote.

Sasa kuhusu Mama. Wana sauti yake, ndiyo. Lakini walichochukua ni kukohoa na kuomba radhi. Cheko lake hawakulichukua, wala matusi yake kwa Dereva, wala namna alivyokuwa akiniita nikichelewa kula, kwa sababu mbele yao hakuyatoa. Mzazi hawezi kupanda gari siku nzima aje kukaa chini ya mti asikie mwanawe anavyokufa, halafu asikie anavyoomba radhi kwa hilo.

Akikuuliza tena, mwambie ni pampu.

Shemeji yako,
Darubini